Mwenye homa abaki nyumbani, na hela yake aipate

Assalamu alaykum wazee wangu manahodha, mabaharia, madivemasta mnaoongoza wazamiaji, ndugu zangu mnaojaza mitungi ya hewa, na nyinyi wenye boti na ofisi mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa hapa Nungwi na joto hili. Asanteni sana. Nimeombwa nizungumze kuhusu usalama wa safari zetu za kupiga mbizi wakati wa maradhi ya mlipuko, na najua kuna wenzetu wakisikia hivo wanasema korona si ilishapita, mbona tunarudi nyuma. Kweli imepita, Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba ile dharura imekwisha. Lakini Agosti 2024 mpox, ile homa ya nyani, nayo ikatangazwa dharura, na maradhi ya virusi vya Marburg yameingia Kagera mara mbili, Machi 2023 na tena Januari 2025, na Kagera ni Tanzania hii hii. Sisemi hayo yanasambaa kama korona, kila maradhi yana njia yake. Nasema siku ikija habari kwamba kuna maradhi ya kifua yanayokwenda kwa pumzi, basi sote humu ndani tuwe tushajua nani anafanya nini kabla boti haijang'oa nanga, si ndo tuanze kukimbizana na ndoo za Jik, ile dawa ya klorini, pale mchangani wageni washafika.

Turudi kidogo tulikotoka maana watu wanasahau upesi. Machi 2020 ndege za watalii zikaanza kukatika, Aprili zikasimama, mahoteli yakafunga milango, boti zikapandishwa juu, vijana wakarudi kwenye pweza na madema na akina mama kwenye mwani. Tarehe 18 Mei nchi ikafungua anga, mapema kuliko majirani, Kenya walingoja hadi 1 Agosti. Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya laki 5, mwaka 2020 ikawa kama nusu yake. Alafu mwanzo wa 2021, kwao kumefungwa huku kuko wazi, wakaja kwa wingi hasa Warusi na Waukraine, boti za kwenda kisiwa cha Mnemba zikawa zinajaa, na wakati huo huo takwimu za wagonjwa hazitangazwi tangu Mei ya mwaka wa nyuma yake. Lakini tulikuwa tunazika. Maalim Seif, Makamo wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alifariki tarehe 17 Februari 2021, na chama chake kilikuwa kishawaambia watu kwamba amepata korona. Kwahiyo mtu asije akasema huku kwetu hakukuwa na kitu.

Sasa hili ninalosema hapa ndo hasa lililonileta, mengine yote yanalifuata. Tukizungumza usalama wa boti wakati wa maradhi sote tunamfikiria mgeni, mgeni apimwe joto, mgeni anawe, mgeni avae barakoa. Sawa kabisa. Lakini mgeni anakuja siku moja mbili anaondoka. Baharia yupo kila siku, anapokea kundi la leo na la kesho na la keshokutwa, jioni anarudi nyumbani kwa mamake mtu mzima na watoto wake. Akiambukizwa yeye, kila kundi linalofuata liko mikononi mwake.

Tazameni kazi yake pale kwenye ngazi ya nyuma ya boti tu. Mgeni ametoka chini, amechoka, bahari inampiga. Kijana wetu ameinama, mkono mmoja umeshika chuma, mwengine unavuta valvu ya mtungi. Mgeni anatema regulata, kile kifaa cha kupumulia mdomoni, anavua maski ya kuzamia, makamasi yote yanamtoka maana kila aliyezamia anajua presha inavofanya puani, anakohoa maji ya chumvi, anahema kwa nguvu, na uso wake uko shubiri mbili tatu kutoka uso wa baharia. Barakoa ya baharia, kama anayo, ishaloa mawimbi saa nzima iliyopita na barakoa mbichi haisaidii. Alafu anamshika mwengine. Na mwengine. Wageni 12, mbizi 2, hesabuni nyuso wenyewe. Hakuna mtu katika safari nzima anayepumua pumzi za watu wengi karibu vile, na ndo huyo huyo anayelipwa kidogo kuliko wote kwenye boti.

Msimu ule wa 2021 kuna kijana, simtaji yeye wala aliokuwa akiwafanyia kazi, aliamka usiku na homa na kifua. Alfajiri akameza panadol mbili akaja pwani. Akapimwa joto pale mlangoni, sawa, pita, maana panadol ishaishusha. Kwa nini alikuja? Kwa sababu ni deiwaka, siku asiyotoka hapati hata shilingi, na nafasi yake anapewa mwengine asubuhi ile ile na huenda asiipate tena. Haikufika wiki boti ile ikakosa watu, nahodha kalala, mjaza mitungi kalala, madivemasta wawili wamelala, safari zikasimama zote na wageni wakarudishiwa pesa zao. Ile hasara peke yake ingetosha kumlipa yule kijana akae kwao apone, na ingebaki. Mimi simlaumu yeye hata kidogo. Mwenye watoto wanaosubiri unga, ukamwambia achague kati ya kusema kweli na kula, ushamjibia.

Kwahiyo ndugu zangu wenye boti, ombi langu la kwanza kabla ya Jik na kabla ya kipima joto ni mfuko wa wagonjwa. Kila mgeni anayepanda, dola 1 iingie pembeni, isiguswe. Boti inayobeba wageni 10 ikitoka siku 20 kwa mwezi hiyo ni dola 200, na mnajua wenyewe dola 200 inamlipa baharia siku ngapi. Akipiga simu usiku akasema nina homa, anaambiwa kaa, posho yako ipo na nafasi yako ipo. Maneno hayo mawili yote, posho na nafasi, ukimpa moja ukamnyima jengine atakuja tu na panadol yake. Na iandikwe ibandikwe ukutani, isiwe hisani ya meneja akiamka vizuri.

Na mgeni naye hivo hivo. Mgeni kalipa safari ya Mnemba, kasafiri kutoka mbali, amebakisha siku mbili arudi kwao, leo ameamka koo linamuwasha. Kama sheria yako ni ukikansel chini ya saa 24 pesa haitoki, unafikiri atakwambia? Atakwambia ni AC ya hoteli. Mpe nafasi ya kusogeza siku bila kukatwa, au kama anaondoka basi mrudishie sehemu kubwa, na umwambie hivo wakati anafanya bukingi si wakati ashaugua. Maswali ya afya muulize usiku wa kuamkia safari kwa WhatsApp, una homa, una kikohozi, kuna mtu unalala naye chumba kimoja anaumwa, yuko bado kitandani kwake ana nafasi ya kufikiri. Ukimuuliza saa mbili asubuhi ashavaa suti ya mpira na amekaa kwenye gari na wenzake, ushachelewa, na hata akisema ndio gari zima lishapumua naye.

Na hilo gari mnalisahau. Watu wanaiogopa boti, lakini boti ni upepo mtupu, pande zote wazi, pumzi ya mtu inachukuliwa hapo hapo. Palipo hatari ni Hiace iliyotoka Mji Mkongwe kuja Nungwi, vioo vimefungwa, AC imewashwa, watu 11 wamebanana saa nzima na zaidi, wanacheka wanazungumza. Wakifika tunawaingiza kwenye chumba cha vifaa hakina dirisha, alafu brifingi, yale maelezo ya kabla ya kuzamia, wamekusanyika wote mbele ya ubao mdogo wa saiti ya kuzamia. Wakishapanda boti baharini kwenye hewa safi ndo tunawavalisha barakoa! Ni kinyume. Ile meli ya Diamond Princess iliyozuiwa Yokohama Februari 2020 ilikuwa na watu 3,711 na walioambukizwa walipita 700, na kule ni vyumba, korido, meza za chakula, watu wamefungiwa pamoja. Basi sisi tuipeleke shughuli yote nje. Gari vioo chini, AC zima, watu wachache na barakoa ndani ya gari. Vifaa vipangwe barazani chini ya makuti. Brifingi ifanyike mchangani, kila familia au kundi lililokuja pamoja lisimame peke yake, divemasta asimame upande ambao upepo haupeleki mate yake kwa watu, apaze sauti au achore mchangani. Kabini ya mbele ifungwe, iwe ya mtu mgonjwa wa bahari au mvua kubwa tu, na ikitumika madirisha wazi. Boti kubwa zinazolala usiku na wageni ni habari nyengine, ukilala na watu chumba kimoja siku tano upepo wa mchana haukusaidii, hizo wakati wa wimbi la maradhi bora zisimame.

Idadi. Hapa nataka niseme kwa nguvu kwa sababu kisiwa hiki kinajua. Meli ya Spice Islander ilizama Septemba 2011, ya Skagit Julai 2012. Humu ndani kuna watu walitoka na boti alfajiri kwenda kuokoa, sina haja ya kuwaelezea nini kinatokea chombo kikipakia kupita kiasi. Mimi naona ajabu kwamba baada ya yote yale bado tunabishana kuhusu kupunguza watu. Boti ya wazamiaji 16 ibebe 8 au 9, hiyo inatosha wakae kwa nafasi na mitungi isipishane juu ya magoti ya watu. Na kuna faida ya pili ambayo haina uhusiano na maradhi, nahodha anaweza kuhesabu vichwa kwa macho tu, divemasta anakaa na watu 4 badala ya 8, mgeni anaona kobe bila kupigwa teke la pezi usoni. Bei ipande kidogo. Wageni wengi wanaokuja Mnemba na kukuta boti zimesongamana wangelipa zaidi kwa nafasi, wanasema wenyewe.

Tuje kwenye ndoo. Kila boti ina ndoo moja ya maji baridi katikati, kila mtu anatema mate kwenye kioo cha maski yake anasugua anachovya mle. Alafu anayefuata. Alafu ile maski anaiweka usoni, puani na machoni. Wakati wa korona hata wasiokuwa madaktari waliona hili si jambo, lakini mambo yalipotulia ndoo zikarudi, nimeziona wiki hii. Tuziache moja kwa moja, hata bila maradhi. Chukua chupa ya kupulizia, tia sabuni ya nywele ya watoto kidogo na maji mengi, kila mgeni anapuliziwa maski yake, anaisugua, anaisuuza baharini. Haiwashi macho na kioo hakipati ukungu. Na kile kipande cha mpira cha kung'ata kwenye regulata kiwe cha mtu mwenyewe, ni rahisi, unakifunga kwa tai ya plastiki, mpe mgeni akinunue aondoke nacho. Maski na snokeli pia kama anaweza kuwa na zake.

Kuosha vifaa. Watu wanadhani ukitia Jik basi, hapana, Jik haifanyi kazi juu ya uchafu. Kwanza maji baridi na sabuni, toa chumvi, mate na makamasi, alafu ndo dawa. Soma chupa imeandikwa asilimia ngapi. Kama ni 3.5, kwa ndoo ya lita 10 tia mililita 285 hivi, yaani chupa ya nusu lita ukiijaza nusu na kidogo, alafu maji mpaka ifike lita 10. Hiyo inakupa asilimia 0.1, kile kiwango cha Shirika la Afya Duniani, na vitu unavichovya dakika 10. Usizidishe ukadhani ndo unaua zaidi, unakula mpira na nyuzi na mapafu ya kijana anayeosha. Usichanganye na siki wala dawa nyengine za chooni, inatoa gesi mbaya. Tengeneza mpya kila siku maana jua linaiua nguvu. Avae glavu, afanyie nje. Baada ya hapo suuza kwa maji baridi mengi, na najua maji hapa Nungwi ni ya kununua kwa boza, ndo maana nasema wageni wachache, vifaa vichache, maji yanatosha.

Na jambo moja vijana wapya hawaambiwi: regulata ikiwa haijafungwa kwenye mtungi wenye presha, usibonyeze kile kitufe cha mbele ikiwa ndani ya ndoo. Ukibonyeza, maji na dawa vinapanda kwenye mpira mpaka kule kwenye stepu ya kwanza, ile sehemu inayofungwa kwenye mtungi, inaoza kwa ndani, na siku moja inamkatikia mtu chini. Okto, ile regulata ya akiba, mnaisahau, kwenye kila regulata kuna midomo miwili, yote ioshwe. Na ile mirija ya kupulizia BCD, lile jaketi la kuelea, kwa mdomo, ile ndo chafu kuliko zote na haioshwi karibu kamwe.

Sanitaiza ya spiriti ni nzuri kwa mikono, lakini isisogee kwenye chumba cha oksijeni. Anayechanganya nitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni, anayefungua mtungi wa oksijeni, anawe kwa sabuni na maji na akaushe. Spiriti inawaka, na oksijeni ya presha inaongeza moto kwa namna ambayo hutopata muda wa kukimbia. Kompresa, ile mashine ya kujaza mitungi, bomba lake la kuvuta hewa liwe juu, mbali na moshi na mbali na mahali watu wanapokaa kupiga soga, hili tulitakiwa kulifanya siku zote kwa ajili ya moshi wa injini. Mjaza mitungi akae peke yake kwenye chumba chake, asiingie mtu kuchaji simu. Akiugua huyo, boti zote zimelala.

Mambo ya chakula nitapita haraka, matunda kila mtu sahani yake, chai kila mtu kikombe chake kimeandikwa jina, taulo aje nalo, maji ya kunywa chupa yake. Anayetapika wakati wa kusi anatapikia upande wa chini ya upepo na anayemshika avae glavu. Barakoa kavu ziwekwe kwenye mfuko usioingia maji, baharia abadilishe kabla ya kuanza kupokea watu kwenye ngazi, na mgeni aambiwe kwenye brifingi kwamba kabla hujapanda, maski ibaki usoni au iteremke shingoni, jisafishe uso kwa maji ya bahari huko huko chini, geuka upande, pumua kwanza, ndo upande. Sekunde kumi tu zinamlinda yule kijana niliyewaeleza.

Kukaguana kabla ya kuruka kunaendelea, usiache hata siku moja, wazamiaji hawafi kwa korona kwenye boti, wanafa kwa mtungi uliofungwa. Kilichobadilika ni kwamba kila mtu anashika na kujaribu vyake mwenyewe huku mwenzake anamtazama na kumuuliza kwa sauti. Regulata ya mwenzako huiweki mdomoni kwa kujaribu. Kwenye mafunzo ya kugawana hewa tumieni okto iliyosafishwa, na mkufunzi apange ili midomo isipishane.

Lakini kukiwa na dharura ya kweli, sikilizeni, mtu ameishiwa hewa mita 18, unampa. Unampa iliyo karibu, hata ile iliyomo mdomoni mwako. Maradhi yana dawa na yana siku kadhaa, kukosa hewa kuna dakika. Na mtu aliyezama akatolewa hapumui anahitaji hewa, yeye moyo umesimama kwa sababu ya kukosa oksijeni, kumbonyeza kifua peke yake hakutoshi. Kila boti iwe na ile barakoa ndogo ya kuokolea yenye valvu ya kupitisha upande mmoja, iwe karibu na nahodha, si chini kabisa ya sanduku la majaketi. Kwa oksijeni kuwe na barakoa za akiba zisizotumika mara mbili, na ule mpira wa kuvutia uwe umesafishwa na umefungwa kwenye mfuko. Naomba leo jioni kila mmoja akaangalie sanduku lake la oksijeni, mtungi umejaa kiasi gani, na ufunguo wake upo.

Sasa mapafu. Hili linawahusu madivemasta na wakufunzi zaidi. Ukiwa mita 10 presha ni mara mbili ya ile ya juu, ukipanda kutoka pale hadi juu hewa iliyomo kifuani inataka nafasi mara mbili. Pafu zima linaitoa bila tabu. Pafu lililopigwa na maradhi linaweza kuwa na pahala hewa inaingia na haitoki vizuri, na pale ndo panapopasuka, hewa ikaingia kwenye damu ikaenda kichwani. Aprili 2020 daktari Frank Hartig wa hospitali ya chuo kikuu cha Innsbruck, Austria, alieleza kuhusu wazamiaji 6 waliougua korona bila hata kulazwa, wakajiona wamepona, lakini walipopigwa picha mapafu bado yalionyesha kasoro. Dunia nzima ya wazamiaji ilishtuka. Madaktari wa Ubelgiji wakasema watu wangoje miezi. Baadae ushahidi ulipoongezeka masharti yakalegea, madaktari wa San Diego kule Marekani wakawapanga wazamiaji kwa makundi kulingana na walivyougua, na shirika la DAN linaloshughulika na usalama wa wazamiaji likawa linatoa ushauri kadiri mambo yalivyobadilika.

Kilichobaki kwetu ni hiki: aliyeugua kidogo akapona kabisa, na anaweza kukimbia au kuogelea kama zamani bila kuhema, anarudi taratibu. Aliyepata nimonia, aliyewekewa oksijeni, aliyelazwa, au ambaye akipanda ngazi anahema na zamani alikuwa hahemi, huyo harudi majini mpaka daktari amtazame mapafu na moyo. Divemasta anajaribiwa sana hapa, msimu umeanza, bosi anaita, mwili haujarudi. Yeye anaona akikaa juu ya boti bila kushuka ni aibu. Mpeni kazi ya juu, aongoze brifingi, ahesabu watu, afundishe darasani. Na mfuko ule ule niliousema umlinde na yeye.

Na baada ya mbizi msikimbilie kusema mafua. Uchovu usio wa kawaida, maumivu ya viungo, kukohoa, kubanwa kifua, hizo ni dalili za korona, na pia zinaweza kuwa dalili za dekompresheni, yaani viputo vya gesi mwilini baada ya kuzamia, au pafu lililoumia. Kama zimeanza baada ya kuzamia, unaanza na oksijeni, unapiga simu, unamweka mtu pembeni na barakoa, mambo mawili kwa pamoja. Usimfungie chumbani ukamwambia jitenge siku tano wakati ana viputo mwilini. Chemba ya mgandamizo ya kutibia viputo hivo tunayo Matemwe, wazamiaji wengi hata kwenye mataifa makubwa hawana karibu hivo, lakini chemba ni chumba kidogo kilichofungwa na mtu wa kumhudumia anakaa ndani na mgonjwa masaa. Wakati wa mlipuko piga simu kabla ya kila msimu, uliza wanapokea, wanataka kipimo, wana wahudumu wangapi wazima. Na ndege msizitegemee, mnakumbuka Agosti hadi katikati ya Septemba 2020 Tanzania ilizuia ndege za mashirika ya Kenya wakati nchi mbili hizi zinavutana kuhusu vipimo vya wasafiri. Kwahiyo katika kipindi kama hicho tunazamia kwa upole: mwamba wa Leven Bank uache kwanza na mikondo yake, mbizi ya pili isiwe ndefu, kisimamo cha mita 5 wakati wa kupanda ongeza dakika, mtu asikaribie mwisho wa muda wa kompyuta yake ya kuzamia. Bahari ipo, itakuwepo mwaka ujao.

Nimeongea sana. Wazee wangu manahodha nawaomba jambo moja peke yenu, nyinyi ndo mna neno la mwisho kwenye chombo. Ofisi ikikuletea mtu anatetemeka kwa homa ikasema mchukue ashalipa, una haki ya kusema huyu hapandi. Na baharia wako akikohoa, mwite pembeni umuulize, mbali na watu, umwambie nani atakayemlipa leo.

Wenye boti tubaki kidogo baada ya swala ya alasiri tukae pale barazani, nimeleta daftari. Nataka tukubaliane ile dola 1 ianze lini, nani anashika ufunguo wa sanduku na nani anakagua hesabu, na mabaharia watoe watu wao wawili wa kukaa kwenye kamati hiyo. Asanteni.